Kuunga AR-15 mwenyewe nyumbani Marekani: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Kuna kispringi kimoja kwenye AR-15, chembamba kama cha kalamu ya kubofya, kazi yake kusukuma kijipini cha ukubwa wa punje ya mchele kinachoshikilia pini ya mbele. Aliyewahi kuunga hii bunduki mwenyewe anakijua vizuri, maana kikikuponyoka kidoleni kinaruka kama panzi. Changu nilikitafuta na tochi siku mbili, nikaja kukikuta ndani ya kiatu cha mtoto.

Naanza na hicho kwa sababu ndugu zangu wakisikia nimeunga raifali mezani kwangu hapa Texas, wengine wanadhani nimekuwa gaidi, wengine wanadhani ni kama kuunga kabati la dukani. Wote wamekosea, na makosa yenyewe mengine yanaweza kumpeleka mtu jela au hospitali.

Tuanze na jina maana hilo halina gharama. Watu wanasema AR ni kifupi cha bunduki ya mashambulizi. Hapana, ni ArmaLite, kampuni ya California ambako Eugene Stoner aliichora miaka ya 1950, halafu mwaka 1959 haki zikauzwa kwa Colt, jeshi likaja kupata M16 yake humo humo. Ya kiraia inatoa risasi moja kila ukivuta kifyatulio, basi. Hatimiliki ya Stoner ilipokwisha 1977 viwanda vingine vikaingia, na ndiyo maana leo unaweza kuchukua mtutu wa huyu, kitako cha yule, ukakuta vinakubaliana. Mara nyingi. Nitarudi hapo kwenye mara nyingi.

Dhana ya pili ndiyo hatari: "nikinunua vipande tu sina bunduki mpaka niviunge." Aisee. Kwa sheria ya Marekani kile kipande cha chini peke yake, kinachobeba kifyatulio na magazini, ndicho bunduki, hata kiwe kitupu kama kopo, hakina mtutu wala springi. Ndicho chenye siriali namba, na dukani lazima ujaze fomu 4473 wakupitishe kwenye ukaguzi wa rekodi wa FBI kama vile umenunua bunduki nzima. Vingine vyote, mtutu, bolti (kile kipande kinachofunga risasi nyuma ya mtutu), kitako, kifyatulio, kwa sheria ya taifa vinakuja na posta mlangoni kama nguo. Ndo maana watu wanachanganyikiwa, mtutu unaonekana wa kutisha zaidi lakini sheria inaangalia kale kakopo.

Na wale wanaosema chukua seti ya vipande ya kumalizia mwenyewe, haina namba hivyo haina sheria, mko nyuma ya habari. Kanuni ya 2022 ilisema seti za namna ile zilizo karibu kukamilika zihesabiwe kama bunduki kwenye kuuza, ikapelekwa kortini, na Mahakama Kuu ya Marekani mwezi Machi 2025 ikaiacha isimame kwa kura 7 kwa 2. Mimi binafsi sioni hata ulazima wake, kipande chenye namba kinapatikana kwa bei ya kawaida kabisa, ukiibiwa una cha kuwaambia polisi.

Sasa hapa wasomeeni na wenzenu, hasa mliokuja juzi. Kuna anayeamini ukishakuwa Marekani tu, bunduki ni haki ya kila mtu. Mwenye grinikadi sawa, anaweza kununua akipita ukaguzi. Ila uko kwa visa ya masomo au ya kutembea, kwa kawaida hairuhusiwi hata KUWA NAYO mkononi, achilia mbali kununua, isipokuwa kwa vipengele vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Huna makaratasi kabisa, ni marufuku moja kwa moja. Adhabu inafika miaka 15, na kosa la bunduki linatosha kukurudisha kwenu. Kwahiyo rafiki yako akikwambia "njoo uniwekee hiki kipande kwako wiki moja", kumbuka kale kakopo.

Majimbo nayo kila moja na lake. California wana sheria zao tangu 1989, Illinois wakaja na zao 2023, New York na New Jersey ndo usiseme. Kitu cha kawaida huku Texas kinaweza kuwa kosa ukivuka nacho huko. Na mtutu wa chini ya inchi 16 kwenye bunduki yenye kitako cha begani ni kundi lingine kabisa tangu sheria ya 1934, unasajili na kupata kibali kwanza. Kodi yake ya dola 200 imeshushwa hadi sifuri kuanzia Januari 2026, watu wakadhani usajili nao umefutwa. Haujafutwa.

Haya, vipande. Muuzaji akiandika "kiwango cha jeshi" mtu anasikia "bora kuliko vyote". Maana yake halisi ni kwamba kimefuata vipimo fulani, na mara nyingine ni kipimo tu wala siyo ubora. Mfano ni lile bomba la nyuma linalokaa kitako: la kijeshi kipenyo cha nje ni inchi 1.148, la kibiashara ni 1.168. Tofauti ni nusu milimita, kwa macho huioni. Mimi niliagiza kitako bila kuangalia, kikaingia kikawa kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Duka likakataa kukirudisha kwa sababu nilishachana pakiti.

Ila hilo la kitako ni usumbufu tu. La kuua ni hili: watu wanasema "risasi ikiingia kwenye magazini na bolti ikafunga, basi ni yake." Jamani hapana. Kuna risasi inaitwa .300 Blackout, imetengenezwa makusudi itumie magazini ile ile na bolti ile ile ya 5.56, ambayo ndiyo risasi ya kawaida ya AR-15, kinachobadilika ni mtutu tu. Kichwa chake ni kinene, milimita 7.8 hivi, wakati mtutu wa 5.56 unapitisha kichwa cha milimita 5.7. Unajua kinachotokea? Baadhi ya hizo .300 ukiziweka kwenye bunduki ya 5.56 kichwa kinasukumwa ndani ya ganda, bolti inafunga vizuri kabisa, hakuna dalili, unavuta kifyatulio na kichwa hakina pa kupita. Bunduki inapasuka usoni kwako. Kwahiyo mwenye mitutu ya aina mbili nyumbani atenge magazini kwa rangi au utepe, na risasi zisikae meza moja. Mimi niliona uvivu kununua rangi, nikaamua nyumba yangu ina aina moja tu ya risasi.

Na .223 Remington na 5.56 si kitu kimoja japo zinafanana kwa macho. Mtutu wa 5.56 unapiga zote mbili, wa .223 ukiulisha 5.56 presha inaweza kupanda kupita kiasi. Imeandikwa kwenye mtutu wenyewe, soma.

Kuhusu vifaa, fundi gari mmoja jamaa yangu alinicheka, "sanduku langu la spana linatosha, kwanini ununue vya ziada?" Nusu ana haki. Nyundo ndogo, aleni ki, jiriwa, anavyo. Ila nati ya mtutu ina mkazo wake, kati ya futi-pauni 30 na 80, lazima toki renchi, spana inayopima mkazo, huwezi kukadiria kwa mkono, na mwili wa hii bunduki ni aluminiamu, ukiubana kwenye jiriwa bila bloki yake unaupinda. Pini nyingi ni za kuviringishwa, panchi ya kawaida inateleza inachora mwili wote. Na kuna kageji ka kupimia nafasi kati ya bolti na chemba (pale risasi inapokaa kwenye mtutu), hako watu wengi wanakaruka wakisema vipande ni vipya. Huna hako kageji, peleka kwa fundi wa bunduki akupimie, ni kazi ya dakika.

Mwisho ni wa nyumbani. Kila nikikaribia kusafiri napata meseji, "niletee hata darubini ya bunduki, ni kioo tu." Siyo kioo tu. Sehemu za bunduki na hata darubini zake kuzitoa Marekani kwa kawaida kunahitaji leseni ya Wizara ya Biashara ya huku, hata ukiziweka kati ya vitenge kwenye begi. Na ukifika nazo, Kenya na Tanzania kumiliki au kutengeneza silaha bila kibali ni kesi, kuanzia raifali ya kuunga mezani mpaka gobore la babu. Kwahiyo binamu, uliyeniandikia jana usiku, nakuletea viatu.