Kuvuka Barabara Kubwa za Mjini: Dhana Potofu na Ukweli

Katika miji yetu mikubwa, Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo, watu wengi hufika kazini, sokoni na shuleni kwa miguu, ama safari nzima, ama kutoka kituo cha daladala au matatu hadi waendako. Hata hivyo, barabara zinazopasua makazi yao, kama Barabara ya Morogoro au ile ya Thika, zilichorwa kwanza kwa hesabu ya magari: yapite mangapi na kwa kasi gani. Anayetaka kufika ng'ambo huingia baadaye katika hesabu hiyo, na zipo imani kadhaa zinazotufanya tuone hali hiyo kuwa ya kawaida.

Dhana: Wanaogongwa ni wazembe, na wakielimishwa ajali zitakwisha.

Elimu ya kuvuka ni ya lazima, hasa kwa watoto, lakini tuitazame kazi yenyewe tunayompa anayevuka. Barabara ya njia sita, kila njia ikiwa na mita 3.5, ina upana wa mita 21. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji karibu sekunde 18 kumaliza kuvuka, na katika muda huo gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 400. Maana yake ni kwamba mtu huyo anatakiwa akadirie kasi ya gari lililo mbali kiasi hicho, akitazama pande mbili, pengine usiku, pengine na mtoto mgongoni. Bibi anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 26. Hakuna somo la darasani litakalompa mtoto wa miaka saba uwezo wa kupima hayo. Lakini ukijenga kisiwa cha katikati ambapo mtu anaweza kusimama salama, anavuka nusu kwa nusu, anatazama upande mmoja tu kwa wakati, na umbali wa kukadiria unashuka hadi mita 200. Mtu ni yuleyule na elimu yake ni ileile. Kilichobadilika ni barabara.

Lawama hizi kwa anayevuka zina historia yake. Nchini Marekani, katika miaka ya 1920, magari yalipoongezeka na kuua watu wengi mitaani, wenye maslahi katika biashara ya magari walipigania sheria za kuwazuia watu kuvuka popote wapendapo, na sheria ya Los Angeles ya mwaka 1925 ikawa mfano kwa miji mingine. Karibu karne moja baadaye, tarehe 1 Januari 2023, ilianza kutumika sheria ya jimbo la California inayozuia askari kumtoza faini anayevuka nje ya kivuko pale ambapo hakuna hatari ya wazi ya kugongwa.

Dhana: Kilomita chache za ziada kwa saa hazina madhara, ila kupunguza mwendo huleta foleni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mwenda kwa miguu anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara 4.5 kasi inapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Sababu ni kwamba nguvu ya kugonga haiongezeki sambamba na kasi, bali kwa mraba wake: kasi ikizidi maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Tena dereva huhitaji kama sekunde moja kutambua hatari kabla ya kukanyaga breki. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakuwa limekwenda mita 14 katika sekunde hiyo peke yake, na breki bado haijaanza kufanya kazi. Kwa kilomita 30 kwa saa, kwenye lami kavu na breki nzima, gari linakuwa limeshasimama kabisa ndani ya umbali huohuo.

Kuhusu foleni, tupige hesabu. Kipande cha mita 300 mbele ya shule hupitwa kwa sekunde 22 dereva akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, na kwa sekunde 36 akiwa kwenye 30. Anachopoteza ni sekunde 14, ambazo aghalabu angezipoteza vilevile kwenye taa zinazofuata. Naamini hakuna mzazi angekataa kubadilishana hivyo.

Dhana: Ukichora pundamilia, umemaliza.

Kwenye mtaa mwembamba wenye mwendo mdogo, rangi inaweza kutosha. Kwenye barabara ya njia nne au sita, rangi peke yake inaweza hata kumhadaa anayevuka. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na mamlaka ya barabara kuu ya Marekani ulibaini kwamba, kwenye barabara za njia nyingi zenye zaidi ya magari 12,000 kwa siku, vivuko vilivyochorwa bila hatua nyingine viliambatana na ajali nyingi zaidi za waenda kwa miguu kuliko sehemu zisizochorwa. Aina moja ya ajali inajulikana sana: gari la njia ya kwanza linasimama, linamziba anayevuka, na la njia ya pili linalipita bila kumwona. Kivuko kilichoinuliwa kama tuta, taa, au kisiwa cha katikati ndivyo vinavyolazimisha mwendo upungue.

Dhana: Dawa ni daraja la juu.

Daraja lina nafasi yake juu ya barabara ya mwendo kasi isiyoweza kupunguzwa mwendo. Ila ili malori yapite chini, sakafu yake hufika takriban mita 6 juu, na kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili (kupanda mita moja kwa kila mita kumi na mbili za kwenda mbele) unaotumika kwa viti vya magurudumu, hiyo ni njia ya mita 72 kupanda na nyingine kama hiyo kushuka. Mgonjwa, mjamzito au mwenye mzigo kichwani atatafuta njia fupi, na haifai kumwita mkaidi.

Dhana: Tukishaendelea, ajali zitapungua zenyewe.

Marekani ni tajiri, na bado waenda kwa miguu zaidi ya 7,500 waliuawa barabarani huko mwaka 2022, kutoka takriban 4,100 mwaka 2009. Wengi wao hufa usiku, kwenye barabara pana za mijini zenye maduka pembeni na mwendo mkali katikati. Oslo, mji mkuu wa Norway, kwa upande wake haikupoteza hata mwenda kwa miguu mmoja mwaka 2019, baada ya kupunguza mwendo na kuondoa maegesho katikati ya mji.

Wala si lazima tuwe na fedha za Oslo. Mradi wa usalama wa barabarani kwa wanafunzi uitwao SARSAI, ulioanzia Dar es Salaam, ulijenga matuta, vivuko vilivyoinuliwa, njia za miguu na nguzo za kuzuia magari karibu na shule za msingi, na katika baadhi ya shule ulihamisha geti la shule kutoka barabara kubwa. Tathmini ilionyesha kuwa majeruhi walipungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI).

Kwa Tanzania, anayetaka hatua kama hizo mtaani kwake aanze kwa kujua barabara ni ya nani: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), na za mitaa ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Barua ya serikali ya mtaa ikiambatana na ya shule, ikitaja mahali hasa watoto wanapovukia na saa wanazovuka, na ikiomba tuta au kivuko kilichoinuliwa kwa jina, humpa mhandisi jambo la kupima.