Kwa Nini Chakula cha Utotoni Hakitoki Vilevile Ukikipika Mwenyewe?

Je, wajua kwamba kati ya wote walioketi mezani, aliyepika huenda ndiye anayeipata ladha ya chakula kwa uchache zaidi?

Umempigia simu mama, umeandika kila kitu: vitunguu vingapi, moto wa namna gani, chumvi itiwe lini. Umefuata neno kwa neno. Chakula kimeiva, wenzako wanakisifu, lakini moyoni unajua kwamba sicho. Kuna kitu kimepungua na hukijui jina. Wengi hapo husema tu kwamba mama ana mkono wake. Mkono upo, nitaufikia, ila sehemu kubwa ya jibu imo puani mwako.

Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya supu ambayo mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliipa jina la umami mwaka 1908. Karibu yote mengine tunayoyaita ladha ni harufu. Ukitafuna, mvuke wa chakula hupanda nyuma ya koo hadi puani. Bana pua huku unatafuna, na chakula ukipendacho kitabaki kuwa ulaini na chumvi tu.

Na pua huzoea upesi. Ingia jikoni vitunguu vikikaangwa: harufu inakupokea mlangoni, lakini baada ya dakika chache huisikii tena, ingawa bado imejaa chumba kizima. Ubongo huacha kushughulika na habari isiyobadilika. Mpishi amesimama katika mvuke ule saa nzima, kwa hiyo anapoketi kula, pua yake imeshakizoea chakula kabla hajatia tonge la kwanza kinywani.

Sasa kumbuka utoto wako. Hukuwa mpishi. Ulikuwa nje unacheza, ukarudi na njaa, harufu ikakudaka mlangoni ikiwa mpya kabisa. Njaa nayo ilikuwa na kazi yake: mwaka 1971 mtafiti Michel Cabanac alieleza jinsi harufu au ladha ileile inavyopendeza mwili unapoihitaji, na kufifia au hata kuchukiza mwili ukishatosheka. Ladha unayoitafuta leo ni ya mlaji mwenye njaa, nawe unaitafuta ukiwa umesimama mahali pa mpishi. Huenda hata yule aliyekupikia hakuwahi kukionja chakula chake kama ulivyokionja wewe. Nikilifikiria hilo huniuma kidogo, kwa sababu sikuwahi kumwambia wa kwangu kilikuwaje.

Mbona basi kumbukumbu yenyewe haifutiki? Habari za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi. Harufu haisubiri kituo hicho. Inatoka puani na kufika moja kwa moja karibu na amigdala, inayoshughulika na hisia, na hipokampasi, inayotunza kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya mchuzi hukurudisha miaka thelathini nyuma kabla hujapata hata neno la kusema. Utafiti uliofanyika Uswidi na kuchapishwa mwaka 2006 uliwapa wazee maneno, picha na harufu, ukawauliza wanakumbuka nini. Maneno na picha ziliwapeleka zaidi kwenye miaka ya ujana, kati ya 11 na 20. Harufu ziliwapeleka nyuma zaidi, kabla hawajafika miaka 10.

Na mambo huanza mapema kuliko hapo. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa kituo cha Monell, mjini Philadelphia, walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu akina mama waliokunywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito au miezi ya mwanzo ya kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, waliupokea uji uliotiwa maji ya karoti kwa kukunja uso mara chache kuliko walivyoupokea uji wa kawaida; watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu hawakuonyesha tofauti hiyo. Chakula cha nyumbani, kumbe, tunakutana nacho kabla ya kuiona nyumba.

Lakini je, chakula hicho kweli hutuliza moyo? Hapa lazima niseme ukweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 uliwaonyesha watu filamu za huzuni, kisha wengine wakapewa chakula chao cha faraja, wengine chakula kingine walichokipenda, wengine wakaachwa bila kitu. Wote walipata nafuu karibu sawa. Mimi sidhani hilo linakishusha chakula cha utotoni. Linaonyesha tu kwamba nguvu yake haimo kwenye sahani iliyokabidhiwa mtu peke yake ndani ya chumba cha utafiti. Chakula hiki kilifungamana na watu, na nje ya watu hao hubaki kuwa chakula kizuri kama vingine.

Turudi jikoni, maana kuna sababu nyingine ambazo zimo sufuriani. Familia ilipikiwa sufuria kubwa, wewe unapika ya watu wawili. Sufuria kubwa iliyojaa hukauka polepole, hivyo hukaa motoni muda mrefu, na hata ikiepuliwa huendelea kuwa ya moto. Muda huo ndio unaoyeyusha zile nyuzi ngumu za nyama zikawa ute unaoupa mchuzi uzito wake. Ukigawanya vipimo kwa nne na kutumia sufuria ileile, maji yanakauka kabla kazi hiyo haijakamilika. Pika nyingi, na ubakize ya kesho.

Kisha kuna rangi. Vitunguu na nyama hupata ile harufu ya kukaangwa kwa mmenyuko ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Huo hushika kasi kwenye nyuzijoto 140 hivi, na maji hayapiti 100. Maana yake, mpaka vitunguu vikauke maji yake, havitabadilika rangi, hata ukivikoroga kwa bidii namna gani. Mama aliposema "kaanga vitunguu" alimaanisha hadi viwe kahawia. Wewe uliviacha vilipolainika. Hapo ndipo vyakula vingi vya utotoni hupotea, kuliko kwenye viungo vyovyote.

Na mkono sasa. "Chumvi kidogo" ni kipimo halisi, ila ni cha vidole vyake, kwa chumvi aliyokuwa akitumia. Kijiko cha chumvi laini hubeba chumvi nyingi kuliko kijiko hichohicho cha chumvi ya mawe. Kwa hiyo usimwombe akutajie vipimo, kwa sababu hajawahi kupima. Mwombe apike, nawe simama kando yake na mizani. Kila anachokishika, kiweke kwanza kwenye mizani, uandike gramu zake, kisha kiingie sufuriani. Tazama pia anaepua lini na vitunguu vina rangi gani kabla hajatia kitu kingine.

Siku utakapopika mwenyewe, ukishafunika sufuria na kupunguza moto hadi mwisho, mwachie mtu aiangalie. Toka nje, tembea kama nusu saa, usionje wala kula chochote. Rudi ukiwa na njaa, na uingie kwa mlango.