Asilimia sifuri nayo inatosha: zabuni za askari wastaafu wenye ulemavu nchini Marekani

Ni rahisi kuamini kwamba mikataba ya serikali ya Marekani iliyotengwa kwa biashara za askari wastaafu wenye ulemavu ni ya waliopoteza viungo vitani pekee. Sivyo. Sheria inataka ulemavu uwe umetokana na utumishi jeshini, bila kuweka kima cha chini cha ukali wake. Askari aliyepungukiwa na uwezo wa kusikia kwa sababu ya milio ya mizinga anaweza kupewa na Idara ya Maveterani barua inayotambua ulemavu huo kwa kiwango cha asilimia 0, yaani bila malipo yoyote ya kila mwezi, na bado akakidhi sharti hilo.

Ugumu uko kwingine. Ni lazima amiliki angalau asilimia 51 ya biashara ndogo na aiongoze yeye mwenyewe, si kuazima jina lake kwa mwenye mtaji. Tangu Januari 2023 uthibitisho hutolewa na SBA, wakala wa serikali unaosimamia biashara ndogo.

Tena, kuthibitishwa si kupewa kazi. Sheria iliyosainiwa Desemba 2023 ilipandisha lengo la serikali kuu la mikataba ya kupewa biashara hizi kutoka asilimia 3 hadi 5 ya thamani ya mikataba yote, lakini lengo hilo huzibana taasisi zinazonunua, wala halimhakikishii mfanyabiashara yeyote fungu lake. Kwa kawaida bado atashindana kwa bei na uwezo, ingawa safari hii na wenzake wenye sifa kama zake.