Udhaifu wa ruhusa kwenye sistimu za ofisi ni nini, na unazibwaje

Watu wengi wakisikia sistimu ya kampuni imeingiliwa wanawaza paswedi imeibiwa, au kuna kijana fulani anajua kuvunja kila kitu. Kumbe mara nyingi hakuna kilichovunjwa. Sistimu iliombwa kitu, ikatoa, haikuangalia kama anayeomba anastahili kupewa. Huo ndo udhaifu wa udhibiti wa ruhusa, na sio jambo dogo, OWASP, ile taasisi inayotoa orodha ya hatari kubwa za programu za wavuti, kwenye toleo la 2021 waliutoa nafasi ya 5 wakaupandisha mpaka ya 1.

Kuna vitu viwili hapa watu huvichanganya sana. Cha kwanza ni sistimu kukutambua wewe ni nani, hiyo ndo kulogini. Cha pili ni kuamua wewe uliyetambuliwa unaruhusiwa kufanya nini. Mlinzi wa getini akishaona kitambulisho chako utaingia ndani, ila hajakuambia ukafungue kabati la mhasibu.

Chukua sistimu ya mishahara. Umelogini vizuri na akaunti yako, umefungua slipu yako ya mwezi, juu kwenye linki kuna namba mwishoni, tuseme 10457. Unafuta ile 7 unaweka 8, unabonyeza enta. Ikija slipu ya mtu mwingine, na jina lake na mkopo anaokatwa, basi hapo ndo penyewe. Hujaiba paswedi ya mtu, hujaweka kirusi, seva imeangalia tu kama umelogini, ikaona ndiyo, ikakupa. Swali la pili, hii slipu ni ya nani, hakuna aliyeliandika kwenye programu.

Hiyo tunasema ni kwenda pembeni, unaona vya mwenzako wa ngazi yako. Kuna na kupanda juu, karani wa kawaida anafanya kazi ya admini. Hii ya kupanda inatokea sana kwa sababu developa ameficha batani akadhani amezuia. Karani akilogini haoni menyu ya kuidhinisha malipo, kila mtu anaridhika, lakini ile linki ya kuidhinisha ipo palepale kwenye seva, mwenye kuijua akiituma moja kwa moja inafanya kazi. Kuficha menyu ni kurahisishia watu kazi ili wasione vitu visivyowahusu, ulinzi haumo humo kabisa. Ulinzi lazima ukae kwenye seva, kwa kila ombi, hata kama huyo mtu dakika moja iliyopita alishakaguliwa kwa ombi lingine.

Sasa tuangalie kwa karibu, na mfano mzuri ni SAP, sistimu ya Wajerumani inayoendesha uhasibu, manunuzi, stoo na mishahara ya makampuni mengi makubwa duniani. Sehemu kubwa ya programu zake imeandikwa kwa lugha ya ABAP, na humo kuna amri ya kukagua ruhusa, AUTHORITY-CHECK. Kwa hati za uhasibu mfano, ukaguzi unatumia kitu kinaitwa F_BKPF_BUK, unakipa namba ya kampuni na kitendo kinachotakiwa, 01 ni kutengeneza, 02 kubadilisha, 03 kuangalia tu. Cha kushika hapa ni kwamba amri hii haisimamishi programu. Inakagua, inaweka jibu kwenye sehemu inaitwa sy-subrc, ikiwa sifuri maana yake ruhusa ipo, ikiwa namba nyingine haipo, halafu programu inaendelea na mstari unaofuata kama kawaida. Ni kazi ya developa kuandika kwamba kama sio sifuri, rudisha huyu mtu. Akisahau mistari hiyo miwili mitatu, ukaguzi unafanyika, jibu linatoka kwamba hana ruhusa, na hati inatengenezwa vilevile! Na mtu anayepitia programu haraka haraka ataona neno AUTHORITY-CHECK lipo, ataweka tiki ataendelea. Hili linaniuma kwa sababu ni kosa la mistari miwili linaloweza kukaa kwenye sistimu ya pesa miaka na miaka bila mtu kuliona, kila kitu kinafanya kazi, hakuna eror, hakuna malalamiko.

Hapo bado tunaongelea mtu aliyelogini. Kubaya zaidi ni pale ambapo hata kulogini hakuulizwi. Julai 2020 kampuni ya usalama ya Onapsis ilitangaza udhaifu walioupa jina RECON, namba yake rasmi CVE-2020-6287, kwenye SAP NetWeaver AS Java, msingi ambao baadhi ya programu za SAP zinakaa juu yake, kuanzia toleo la 7.30 mpaka 7.50. Kuna kifaa kinaitwa LM Configuration Wizard, kazi yake ni kusaidia kuseti sistimu. Kifaa kile kilikuwa kinapokea maombi ya HTTP bila kuuliza wewe ni nani. Sasa kifaa cha kuseti kinaweza nini? Kinaweza kutengeneza yuza. Kwa hiyo mtu yeyote anayeifikia seva kwa mtandao angeweza kutuma ombi akajitengenezea yuza mwenye madaraka ya juu kabisa, halafu analogini mlango wa mbele kama admini halali. Kutoka hapo ni kusoma taarifa za wafanyakazi, kubadilisha akaunti ya benki ya mzabuni ili malipo yaende kwingine, hata kufuta logi, yaani kumbukumbu za nani kafanya nini, ili asionekane. Kwenye CVSS, kipimo cha ukali wa udhaifu ambacho mwisho wake ni 10, huu ulipewa 10. Onapsis walikadiria wateja wa SAP kama 40,000 wangeweza kuguswa.

SAP walitoa kiraka, yaani marekebisho ya programu ya kuziba tundu, tarehe 14 Julai 2020, noti namba 2934135, na CISA, mamlaka ya usalama wa mtandao ya Marekani, wakashauri sistimu zilizo wazi kwenye intaneti zipewe kipaumbele, zizibwe haraka. Haikuwa kelele za bure, ndani ya siku chache programu za kuutumia udhaifu huo zilishawekwa hadharani mtandaoni.

Kuziba kwenyewe kunakwendaje? La kwanza ni kuweka kiraka, hakuna mbadala wa kudumu. Ila watu wa ofisini wanajua, seva ya uhasibu huizimi tu katikati ya kufunga mwezi, inabidi ujaribu kiraka kwanza kwenye sistimu ya majaribio. Ndo maana kuna hatua ya kati, kuzima ile huduma yenye tatizo. Kwa RECON ilikuwa ni kuzima LM Configuration Wizard, kifaa ambacho ofisi haikihitaji kwa kazi za kila siku, seti ikishaisha kinakaa tu. Pamoja na hilo unaifunga seva isifikike kutoka nje, iwe nyuma ya fayawoli na VPN. Kufunga mtandao peke yake hakutoshi, aliye ndani ya mtandao wa ofisi bado anaifikia.

Na kuna kitu kinasahaulika sana: kiraka kinaziba tundu, hakimtoi aliyekwisha ingia. Kama mtu alijitengenezea yuza Jumatatu na wewe ukaziba Jumatano, yule yuza yupo, na sasa anaonekana halali kabisa. Kwa hiyo baada ya kuziba toa orodha ya mayuza wote, angalia waliotengenezwa kuanzia tarehe udhaifu ulipotangazwa na hata kabla yake, kila jina litafutiwe mwenyewe na aliyeidhinisha. Lisilo na mwenyewe lifungwe, na logi zake zitunzwe usizifute.

Kwa programu mnazojiandikia wenyewe, kanuni ni kwamba kila kitu kimekatazwa mpaka kiruhusiwe, na ukaguzi uulize vyote viwili, huyu ana cheo cha kufanya hiki, na hiki anachokigusa kinamhusu. Kujaribu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye sistimu ya majaribio fungua brauza mbili, moja ya admini moja ya karani, chukua linki za admini uzifungue kwenye brauza ya karani moja baada ya nyingine. Zile programu za kuskani udhaifu huwa hazilioni vizuri tatizo hili, zitajuaje kwamba karani hatakiwi kuona hati fulani? Mtu anayeijua kazi ya ofisi ndo anajua.

Halafu ziangaliwe ruhusa zenyewe, maana ukaguzi unaweza kuwa mzuri na bado mtu akawa amepewa kila kitu. Anayesajili mzabuni asiwe huyohuyo anayeidhinisha malipo yake. Anayehama idara aache za zamani. Kwenye SAP mtu akikataliwa kitu, anafungua skrini ya SU53 inamwonesha ruhusa gani hasa imekosekana, kwa hiyo mtu wa sapoti ana uwezo wa kumpa hiyo moja tu. Lakini simu zikizidi na bosi anasubiri ripoti, anapewa SAP_ALL, ambayo ni karibu kila ruhusa iliyopo, eti ya leo tu kesho itatolewa, na kesho hakuna anayekumbuka. Orodha ya wenye SAP_ALL inatoka kwenye SUIM, sehemu ya ripoti za mayuza na ruhusa zao, kwa dakika chache. Kwenye sistimu ya kazi halisi pasiwe na mtu wa kawaida hata mmoja humo, ibaki akaunti ya dharura tu, paswedi yake imefungiwa, na kila ikitumika iandikwe nani kaitumia, lini na kwa ajili gani.