Mzani umepanda na mdomo nimefunga: maswali na majibu kuhusu uzito

Ukishajulikana mtaani kwamba kazi yako ni lishe, huna tena safari ya kimya kwenye daladala. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, na nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Mengi yana mzizi mmoja: mtu anataka kujua mafuta yake yamepungua kiasi gani, anakwenda kuuliza chombo kinachopima kila kilichomo mwilini, pamoja na maji, ugali wa jana na mkojo ambao bado hajautoa.

Nina wiki mbili tangu nianze mchakamchaka na kuruka kamba. Soda nimeacha, maandazi nimeacha. Leo nimepanda mzani nakuta nimeongezeka kilo moja na nusu! Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Misuli isiyozoea kazi ikifanyishwa kazi ghafla hupata michubuko midogo midogo. Ndiyo yale maumivu ya siku ya pili, unaposhindwa hata kuchuchumaa chooni. Mwili hupeleka maji huko ili kukarabati, na misuli huvimba kidogo. Wakati huohuo misuli inayotumika hujiwekea akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hushikana na takribani gramu 3 za maji. Ukiendelea kukimbia, hata majimaji ya damu yenyewe huongezeka ndani ya siku chache za mwanzo, maana moyo unataka damu ya kutosha kuzungusha. Yote haya ni maji, na lita moja ya maji ni kilo moja.

Marafiki watakuambia "hiyo ni misuli, umejenga mwili". Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Misuli hujengwa polepole sana, na wiki mbili za kamba hazileti kilo moja na nusu ya nyama. Endelea, kisha angalia wiki ya nne hadi ya sita. Kama kiuno cha sketi kimelegea, una jibu lako hata kama namba imekaa palepale.

Mimi kinyume chake. Niliacha ugali, wali na mkate, wiki ya kwanza nikashusha kilo nne. Nikafurahi. Wiki ya pili nusu kilo, ya tatu hakuna kitu. Dawa imeisha nguvu?

Hiyo glaikojeni niliyoitaja hapo juu ndiyo iliyokuchezea. Mtu mzima ana takribani gramu 400 kwenye misuli na gramu 100 kwenye ini. Ukikata wanga, mwili unaitumia akiba hiyo kwa siku chache tu, na maji yaliyoshikana nayo yanatoka kwa mkojo. Piga hesabu: nusu kilo ya glaikojeni na kilo moja na nusu ya maji, tayari kilo mbili zimeondoka bila mafuta kuguswa. Ongeza chumvi na maji ambayo figo huyaachia mtu anapokata wanga, na utumbo ambao sasa una mzigo mdogo, ndipo unapata hizo kilo nne.

Ndiyo maana ukila pilau ya harusi Jumamosi, Jumatatu unakuta kilo mbili zimerudi. Watu hulia hapo na kuacha kila kitu. Ni akiba iliyojazwa upya, si mafuta ya usiku mmoja. Ili mwili uweke kilo moja ya mafuta unahitaji takribani kalori 7,700 za ziada juu ya matumizi yako. Hata pilau ya harusi ya Kizaramo haifiki huko, labda urudie sahani mpaka wenye shughuli waanze kukuangalia.

Ile nusu kilo ya wiki ya pili ndiyo iliyokuwa ya kweli. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri.

Asubuhi kilo 72, jioni 74. Mzani mbovu?

Mzima. Umekula, umekunywa, umevaa. Siku moja nilijipima kila baada ya saa mbili kwa udadisi tu. Kutoka asubuhi hadi usiku nilicheza ndani ya karibu kilo mbili, na sikunenepa wala kukonda siku hiyo.

Chumvi inanenepesha?

Haina kalori hata moja, lakini inashika maji. Dripu ya maji ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kwa sababu mwili unataka uwiano wa karibu na huo. Ukila chipsi zilizonyunyiziwa chumvi, nyama choma na kachumbari ya chumvi, ukazidisha gramu 4 au 5 juu ya kawaida yako, kiu inakupeleka kwenye maji, na karibu nusu lita inabaki mwilini hadi figo zimalize kazi yake, siku moja au mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Sababu yake kubwa ni shinikizo la damu, siyo mzani.

Kila mwezi kuna wiki napanda kilo moja au mbili, halafu zinashuka zenyewe.

Dada, linganisha na kalenda ya hedhi. Siku chache kabla ya kuingia, wanawake wengi hujaa maji, matiti huuma, tumbo hujaa, na choo huwa kigumu. Usilinganishe wiki hiyo na wiki baada ya hedhi. Linganisha wiki kama hiyo ya mwezi uliopita na ya mwezi huu. Na kama hedhi yenyewe haikuja, pima ujauzito kwanza kabla ya kulaumu lishe. Nimeshawahi kushuhudia.

Nakula kidogo sana, nakuapia. Asubuhi chai tu, mchana sahani ndogo, usiku matunda. Na bado nanenepa!

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo swali linaloumiza watu na wanaoulizwa huishia kuwaita waongo. Si waongo. Macho yetu yanapima wingi wa chakula, wakati kalori nyingi zimejificha kwenye vitu visivyo na wingi.

Anza na "chai tu". Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko tisa; hiyo ni kama gramu 40 za sukari, kalori 160, kabla hujaweka maziwa. Halafu mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takribani kalori 120, na mafuta ya alizeti, ya mawese au ya korosho hayatofautiani katika hili. Mpishi wetu hapimi kwa kijiko, anamimina mpaka sufuria iseme "chwaa". Sahani ndogo ya mchicha uliotiwa mafuta na tui zito inaweza kushinda ugali uliokuwa unauogopa. Vijiko vitatu vya ziada kwa siku ni kalori 360. Wiki tatu zikipita, hiyo ni karibu kilo moja.

Kisha vile vinavyoitwa vyakula vya afya. Parachichi zima la wastani lina kalori kama 300. Gao la karanga, gramu 30, lina 170 au zaidi, na nani anakula gao moja? Ni vyakula vizuri, sisemi uviache, ila navyo vinahesabiwa. Juisi ya maembe iliyosagwa na sukari ni kinywaji kitamu. Usiipe jina la tunda.

Upande wa pili, mazoezi tunayapa sifa kuliko yanavyostahili kwenye mzani. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa haraka saa nzima anatumia kalori 250 hadi 300 hivi. Chapati moja nono ya kusukumwa na mafuta inarudisha zote, na huliwa kwa dakika tano. Mazoezi fanya, kwa ajili ya moyo, presha, sukari na usingizi. Kupunguza uzito kunaanzia jikoni.

Ushauri wangu ni mmoja: kwa siku saba andika kila kinachopita mdomoni, pamoja na ulichoonja jikoni na ulichomalizia kwenye sahani ya mtoto. Usibadilishe kitu, andika tu. Nusu ya wanaokuja kwangu hupata jibu kabla ya siku ya nne.

Ramadhani nafunga mwezi mzima. Mbona Idi inanikuta nimenenepa?

Kwa sababu ya magharibi. Tende, uji, sambusa, mihogo ya nazi, tambi za sukari, kalimati, halafu saa tatu usiku chakula "cha kweli", halafu daku. Jihadhari pia na saa ya kujipima: ukipima kabla ya kufuturu unapima mwili uliokauka, na utadhani umekonda.

Nilipungua vizuri kilo nane kwa miezi minne, sasa mwezi mzima mzani haujasogea na sijabadilisha chochote.

Wewe hujabadilika, mwili umebadilika. Mwili mdogo unatumia nguvu kidogo, kama pikipiki inavyokunywa mafuta kidogo kuliko lori. Na zaidi ya hapo, mwili unaoona chakula kimepungua hujibana wenyewe. Mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapa wanaume 36 waliojitolea karibu nusu ya chakula chao kwa miezi sita, ili kujua namna ya kuwahudumia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Matumizi ya nguvu ya miili yao yalishuka kuliko kilo zilizopungua zinavyoweza kueleza, walisikia baridi wakati wengine hawasikii, walijikokota, na miguu na nyuso zao zikavimba maji. Maji hayo yalificha sehemu ya kukonda kwao.

Wewe hujafika huko, na usifike. Ila kanuni ni ileile: usijibu kukwama kwa kupunguza tena sahani. Rudia kuandika unachokula kwa wiki moja, maana mkono huanza kumimina tena bila kujua. Ongeza maharage, dagaa, mayai au samaki ili misuli isiliwe, ongeza mazoezi ya kubeba uzito, hata ndoo ya maji inafaa, na angalia usingizi wako.

Inaweza kuwa ugonjwa au dawa?

Inaweza. Dawa kwanza, kwa sababu watu huzisahau: prednisolone na deksamethasoni (dawa za kutuliza uvimbe na mzio), sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, insulini na glibenclamide kwa wenye kisukari, amitriptyline (dawa ya sonona na maumivu ya neva), na dawa za VVU zenye dolutegravir kwa baadhi ya watumiaji. Usiache yoyote kwa kusoma hapa. Prednisolone ya muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuhatarisha maisha. Mpelekee daktari namba zako za mzani, mjadiliane. Vidonge vya "kunenepesha" vinavyouzwa mitaani bila boksi ni habari nyingine. Vingine vina deksamethasoni hiyohiyo.

Kwa ugonjwa, tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo huleta uchovu, kusikia baridi, ngozi kavu na choo kigumu pamoja na uzito. Mwanamke anayekosa hedhi kwa miezi na kuota ndevu kidevuni achunguzwe homoni na vifuko vya mayai. Na hili usilale nalo: uzito ukipanda kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, miguu imevimba, unakosa pumzi ukilala chali. Bonyeza muundi kwa kidole gumba. Shimo likibaki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni moyo, figo au ini.

Na anayepungua kuliko alivyotegemea? Shangazi yangu anafurahi, kila siku suruali inashuka, lakini anakula kama kawaida.

Mnyang'anye furaha hiyo mpaka apimwe. Kupoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia kunahitaji kuchunguzwa. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo ni kilo 4. Muulize kama ana kiu isiyoisha na kukojoa mara nyingi usiku, hiyo inaelekeza kwenye kisukari. Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni na jasho la usiku linalolowesha shuka, apimwe kifua kikuu, ambacho matibabu yake Tanzania na Kenya ni bure kwenye vituo vya serikali. Mapigo ya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Apimwe pia VVU. Akiwa mtu mzima mwenye kumeza kwa shida au damu kwenye choo, asisubiri.

Kinachowaponza wengi ni kwamba dalili zilianza wakati wameanza kufanya mazoezi, na pongezi zikaingia kabla ya vipimo.

Chai za kupunguza tumbo?

Nyingi zina sanamaki (senna), mmea wa kuharisha. Unaharisha maji, mzani unashuka, unakunywa maji, unapanda.

Basi nijipime vipi?

Mara moja au mbili kwa wiki, siku zilezile, asubuhi, baada ya haja, kabla ya chai, bila viatu, mzani uleule ukiwa juu ya sakafu ngumu na si juu ya zulia. Andika, kisha linganisha wastani wa mwezi na mwezi. Mzani wa duka la dawa unafaa pia, mradi usiende leo na kitenge chepesi na kesho na jinzi na pochi begani. Nunua na futi ya fundi cherehani, upime tumbo usawa wa juu kidogo ya kitovu baada ya kutoa pumzi. Hatari huanza kuongezeka kwenye sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Futi hiyo bei yake ni ndogo kuliko paketi moja ya ile chai.