Mbio za hisani Mtwara: mtazameni atakayefika wa mwisho

Vikundi vya waliosoma pamoja siku hizi havikutani kwenye misiba na harusi tu. Mtu anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba vyoo vya wasichana pale shuleni vimetitia, mwingine anajibu "tukimbie tuchangishe", na kabla ya chakula cha mchana kuna mwenyekiti, mweka hazina na mabishano kuhusu rangi ya fulana. Kisha wananipigia. Kazi yangu ni kupanga njia, maji na huduma ya kwanza kwa mbio za barabarani, na swali langu la kwanza huwa ni hili: nani atafika wa mwisho?

Wanacheka, wakidhani natania. Mbio za kujifurahisha za kilomita 5 hazitofautiani sana na mchakamchaka tuliopigishwa shuleni, ila mkimbiaji wa safari hii ana miaka hamsini na kitu, kitambi, na presha anayoijua au asiyoijua. Vijana wa vikundi vya jogging watamaliza ndani ya nusu saa na hawatamsumbua mtu. Mwalimu mstaafu, dada aliyeshuka usiku kwenye basi la Dar, mfanyabiashara aliyewalipia wenzake kumi, hao watatembea. Mtu anayetembea huku anapiga soga huenda kama kilomita 4 kwa saa, kwa hiyo kilomita 5 zitamchukua saa moja na robo. Na mara nyingi mchango mnono unatoka kwa hao hao. Kila kitu kipimwe kwa saa yao moja na robo.

Tarehe ndiyo inayoumiza kichwa huku kusini kuliko kitu kingine chochote. Hali ya hewa inataka Juni hadi Agosti: mvua zimekwisha, kusi inavuma, alfajiri ina kibaridi. Mfuko unataka Oktoba hadi Desemba, minada ya korosho ikiwa imeanza na malipo ya stakabadhi ghalani, yaani korosho zinazouzwa kupitia maghala, yakiingia kwenye akaunti za wakulima. Mwezi wa saba mkulima wa Tandahimba au Newala yuko shambani anapulizia mikorosho, hela yote imeishia kwenye vibarua. Mwombe elfu ishirini na tano ya kukimbia uone atakavyokutazama. Novemba hela anayo, lakini hewa imeshakuwa nzito na jasho halikauki. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Ndiyo maana mtu aliyezoea kukimbia Iringa anaweza kuja kuanguka Mtwara kwenye mwendo anaoumudu kila wiki kwao. Ukisoma kipimajoto peke yake hutaona cha kutisha. Kinachoangusha watu ni unyevu.

Ushauri wangu, ambao waweka hazina wengi hawaupendi, ni kukimbia Julai au Agosti na kukusanya kwa ahadi. Kadi za michango ya harusi tunazijua sote. Tengenezeni kadi kama hizo, mtu aandike kiasi na mwezi atakaolipa, kisha mweka hazina aanze kudai minada ikichangamka. Kudai ni kazi ngumu, nakubali. Kumpoza mtu aliyezimia kwa joto ni ngumu zaidi. Mkichagua siku, epukeni Ramadhani, na epukeni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana hiyo ni siku ya usafi na viongozi mnaowahitaji watakuwa na mafagio mikononi.

Saa nayo. Julai hapa jua linachomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi. Mkianza muda huo, mtu wenu wa mwisho atafika saa 2 kasorobo, jua likiwa bado halijakasirika. Mkianza saa 2 kwa sababu mgeni rasmi alikuwa "yuko njiani", yule mwalimu mstaafu atakuwa barabarani hadi saa 3 na robo. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kumpa mgeni rasmi jukumu la kuvalisha medali badala ya kuanzisha mbio. Aje saa 1 na nusu, akute watu wanaingia, apige picha zake kwa raha. Hotuba zije baada ya supu.

Kuhusu njia, kila kamati ya Mtwara mjini huwa na ndoto ya kukimbia hadi Mikindani. Naelewa, ghuba ile asubuhi inapendeza. Lakini ni kama kilomita 10 kwenda tu, juu ya barabara kuu inayobeba malori ya saruji, korosho na makaa ya mawe kuelekea bandarini, na mkishafika mnahitaji mabasi ya kuwarudisha. Kwa mbio za familia napenda mzunguko wa kilomita 2.5 ndani ya mji, tuseme kuanzia na kuishia Uwanja wa Nangwanda Sijaona, unaokimbiwa mara mbili. Meza moja ya maji katikati ya mzunguko inahudumia mara mbili. Gari la wagonjwa haliwi mbali na mtu yeyote. Watoto wanakimbia mzunguko mmoja, na mzee akichoka anaishia kwenye mzunguko wa kwanza bila mtu kumwuliza. Wa nyuma kabisa afuatwe na bodaboda ya kamati, ikienda polepole, isimpigie honi. Kibali anzieni kwa afisa michezo wa manispaa, kisha polisi wa usalama barabarani. Nendeni mapema na mchoro wa njia mkononi, msiende na maneno.

Mchoro huo unahitaji vipimo. Simu itawapa namba, ila kila simu itatoa yake. Wapimaji wa mbio rasmi hutumia baiskeli yenye kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko ya gurudumu la mbele, wanapita njia fupi kuliko zote, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona, na kuongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Nyinyi hamhitaji ukali huo, lakini baiskeli mnayo. Jaza upepo, chora alama ya chaki kwenye tairi la mbele pale linapogusa chini, panda, na usogee taratibu hadi alama igote chini mara kumi. Pima umbali huo kwa futikamba ya fundi ujenzi. Ikitoka mita 21.6, basi kila mzunguko wa gurudumu ni mita 2.16, na kilomita 2.5 ni mizunguko kama 1,157. Kuwe na mtu nyuma anayehesabu na kuhamisha kokoto moja mfukoni kila ikifika hamsini. Aliyepanda asishuke njiani, maana uzito wake ukiondoka tairi linabadilika kimo na hesabu inaharibika.

Maji si mengi kama kamati zinavyohofia. Watu 300, vikombe viwili vya mililita 200 kila mmoja, ni lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Ongezeni mawili ya kujimwagia kichwani. Watu wanywe kwa kiu, wasilazimishwe. Kitu ambacho karibu kila kamati inasahau ni barafu. Wauza samaki wa feri wanayo tangu alfajiri. Nunueni mifuko kadhaa na muweke beseni kubwa la maji kivulini karibu na mwisho wa mbio. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kugombana na wanaomsaidia huku ngozi inawaka, huyo si mchovu. Mpozeni hapo hapo kwa maji ya barafu, mwili mzima, ndipo apelekwe hospitali ya Ligula. Dakika za mwanzo ndizo zinazookoa ubongo, na gari linaweza kukwama kwenye umati wenu wenyewe. Mwenye maumivu ya kifua asimame mara moja, na mwenye homa siku hiyo ashangilie tu.

Sasa fulana. Tuseme kiingilio ni shilingi 25,000. Fulana 12,000, medali 5,000, namba, maji na spika 3,000. Zimebaki 5,000. Watu 300 wametoka jasho, mmechangisha milioni saba na nusu, na shule inapata milioni moja na nusu. Mafundi watawaambia hiyo ni matundu mangapi ya choo, na hamtafurahi. Na fulana zenyewe ni polista nzito yenye nembo za wafadhili sita mgongoni, hata hewa haipiti, na ya mikono mirefu kwa akina mama wanaojisitiri hakuna aliyekumbuka kuiagiza. Mimi ningesema kila mtu aje na shati au fulana ya rangi ya shule, iliyopauka ndiyo nzuri zaidi, na anayetaka fulana mpya ailipie kando. Walioko Dar, Muscat au kokote walipe kwa lipa namba na mtu wa hapa akimbie na majina yao kifuani. Hesabu ibandikwe kwenye kikundi kabla ya Jumatatu, risiti ya barafu ikiwemo.

Rangi mtaendelea kubishania wiki nzima, najua. Mwenye baiskeli asiwasubiri. Aende akapime njia Jumapili alfajiri kabla bajaji hazijajaa barabarani.