Je, wajua kwa nini redio ya gari humeza nyimbo za simu yako?

Mjomba wangu alikinunua kidude chake Luthuli Avenue, mtaa ambao ukitafuta chochote chenye waya jijini Nairobi hukosi. Ni kile kinachochomekwa kwenye tundu la laita ya gari, chenye kioo kidogo cha namba, na kazi yake ni kuchukua muziki wa simu au wa kicheza MP3 na kuutoa kwenye spika za gari. Wengi hukiita moduleta. Muuzaji alikiweka kwenye 98.0 akamwambia, "Mzee, tafuta namba hiyo hiyo kwenye redio yako, basi." Mjomba akafika kwake Kasarani, akazungusha redio. Ikapanda mpaka 90.0, kisha ikarudi 76.0. Namba 98.0 haikuwepo kabisa.

Akanipigia simu. "Mpwa wangu, nimeuziwa kitu kibovu."

"Si kibovu, mjomba. Redio yako ndiyo iliyotengenezewa Japani."

Kesho yake nilikishusha hadi 88.1, redio nayo tukaiweka hapo, rumba lake likajaa garini. Tukashika Thika Road kuelekea mjini. Tulipokaribia Muthaiga rumba likakatika ghafla, na mahali pake akaingia mtangazaji akisoma matangazo ya biashara. Halikufifia kidogo kidogo wala hazikusikika sauti mbili pamoja. Mwimbaji alikuwepo, mara hayupo. Tulipoingia chini ya daraja akarudi, tukatoka, akamezwa tena. Mjomba akaniuliza mbona inakuwa hivyo, na swali hilo lina jibu zuri sana.

Moduleta ni kituo cha redio. Inatangaza kwa mawimbi yale yale ya FM yanayotumiwa na Capital FM kwenye 98.4 au Radio Citizen kwenye 106.7 hapa Nairobi. Redio ya gari haijui tofauti. Inachojua ni kwamba kuna wimbi linafika kwenye antena. Tofauti ni nguvu tu. Sheria za nchi nyingi hazitaki kila dereva awe mtangazaji wa mtaa mzima, kwa hiyo vidude hivi huwekewa kikomo. Barani Ulaya kikomo hicho ni nanowati 50. Gawanya wati moja mafungu bilioni moja, kisha chukua mafungu 50.

Sasa tuweke hesabu. Tuseme kituo fulani kina mtambo wa wati 5,000. Huo unaizidi moduleta mara bilioni 100. Lakini moduleta ina faida ya ukaribu: iko kama mita mbili kutoka kwenye antena ya gari, na mtambo uko, tuseme, kilomita 20. Mtambo uko mbali mara 10,000 zaidi, na kwa kuwa nguvu ya wimbi hupungua kwa mraba wa umbali, ukaribu unaipa moduleta nafuu ya mara milioni 100. Gawanya bilioni 100 kwa milioni 100 hizo, na bado mtambo unashinda mara 1,000. Hapo hatujataja kwamba moduleta imefungiwa ndani ya bati la gari na antena iko nje. Kwa hiyo hakuna moduleta inayoweza kupigana na kituo halisi kwenye namba moja. Inachoweza ni kutafuta mahali pasipo na mtu na kukaa hapo kimya.

Lakini kwa nini imezwe yote, badala ya sauti mbili kuchanganyika kama watu wawili wanaoongea kwa mpigo sokoni? Jibu liko katika tabia ya FM yenyewe. Mhandisi Mmarekani Edwin Armstrong, aliyepewa hataza za mfumo huu mwaka 1933, alikuwa anahangaika na mikwaruzo ya radi iliyokuwa ikiharibu matangazo. Mikwaruzo hiyo hubadilisha ukubwa wa wimbi. Basi redio ya FM haiuangalii ukubwa kabisa. Hukata vilele vyote viwe sawa, halafu husikiliza jinsi wimbi linavyoharakisha na kupunguza mtikisiko wake. Humo ndimo sauti ilimofichwa. Mawimbi mawili yakifika pamoja kwenye masafa yale yale, mtikisiko wa jumla hufuata lile lenye nguvu zaidi, na lile dogo hukatwa pamoja na mikwaruzo. Fahali wawili hawakai zizi moja. Haihitaji hata tofauti kubwa. Ndiyo sababu daraja moja tu la Thika Road, likikinga mawimbi ya kituo kwa sekunde chache, lilitosha kumrudisha mwimbaji wa mjomba.

Marubani wanaopaa kutoka Wilson, kwa upande wao, hawaitaki tabia hiyo. Mazungumzo ya ndege hufanyika kati ya megahezi 118 na 137 (namba za redio yako ya FM nazo ni megahezi), juu kidogo tu ya mwisho wa FM, na mpaka leo yanatumia AM, mfumo unaoificha sauti kwenye ukubwa wa wimbi. Sababu mojawapo ni kwamba kwenye AM watu wawili wakiongea kwa mpigo mwongoza ndege husikia kwamba wako wawili. Kwenye FM mmoja angemezwa, na asijulikane kama aliwahi kuita.

Sasa turudi kwenye ile namba 98.0 iliyokosekana. Japani walipopanga masafa yao waliipa FM nafasi kati ya 76 na 90, kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 kulikuwa na chaneli 1 hadi 3 za televisheni. Kenya, kama nchi nyingi za dunia, inatumia 87.5 hadi 108. Na magari yetu mengi yanatoka Japani: usukani uko kulia kama wetu, na sheria inaruhusu gari lililotumika liingie nchini mradi halijapita miaka 8. Linashushwa bandarini Mombasa, linapanda hadi Nairobi, na redio yake bado inasubiri vituo vya Tokyo. Televisheni ya analogi ilizimwa katika sehemu kubwa ya Japani Julai 2011, na baadaye nafasi ya 90 hadi 95 ikapewa FM, kwa hiyo redio za magari mapya kidogo hufika 95 au zaidi. La mjomba ni la zamani. Linakoma 90.

Hebu tazama mahali panapobaki. Moduleta inaanzia 87.5. Redio inaishia 90. Zinakutana kwenye megahezi mbili na nusu tu, na humo humo Ghetto Radio imekaa kwenye 89.5, wala haiko peke yake. Kituo kimoja cha FM hujaza kama megahezi 0.2, kwa hiyo hata ukikwepa namba yenyewe, ukisogea karibu mno utasikia mkwaruzo wa jirani. Na kila dereva mwenye gari kama lile amebanwa kwenye kipande hicho hicho. Msongamano ukikaza barabarani, magari yakisimama bampa kwa bampa, si ajabu nyimbo za injili za gari la mbele zikaingia kwenye redio yako. Zote mbili zimekimbilia 87.5.

Kuna wanaoamua kumwendea fundi afunge ekspanda. Ni kijisanduku kidogo kinachokaa kwenye waya wa antena, nyuma ya redio. Ndani yake kuna saketi inayozalisha mtikisiko wake yenyewe na kuuchanganya na mawimbi yanayoingia, ili yashuke kwa kiasi maalumu. Cha megahezi 20 kitashusha 98.4 hadi 78.4, na Classic 105, ambayo iko 105.2, utaipata kwenye 85.2. Inafanya kazi, lakini wanunuzi wengi hawaambiwi jambo moja: dirisha la redio ya Kijapani lina upana wa megahezi 14, na masafa yetu yana upana wa 20.5. Kitambaa hicho hakitoshi kwenye sanduku hilo. Ukishusha kwa 20, kilicho chini ya 96 kinaangukia nje. Radio Taifa ya 92.9 ingeshuka hadi 72.9, ambako redio haifiki. Ukishusha kwa 12, unapoteza kila kituo kilicho juu ya 102.

Na mwenye ekspanda ajue kwamba mawimbi ya moduleta yake nayo hupitia humo humo. Akiweka moduleta 107.4, aitafute redioni kwenye 87.4 kama ekspanda ni ya 20. Nimeona watu wakirudisha moduleta nzima dukani kwa kukosa kutoa 20 tu.

Njia yangu ya kutafuta nafasi ni hii. Zima moduleta kwanza. Zungusha redio polepole mpaka upate mahali panapotoa mvumo mtupu, kama mvua ya mbali juu ya mabati, na namba mbili au tatu za kila upande ziwe mvumo pia. Fanya hivyo ukiwa mahali palipoinuka, si kwenye maegesho ya chini ya ghorofa ambako kila namba huonekana tupu. Ukiwa na safari ya Limuru, ambako kuna minara ya kurushia matangazo, rudia zoezi ukiwa huko huko. Sauti ya simu usiifungue hadi mwisho: moduleta ikilishwa sauti kubwa mno hutanua wimbi kupita kiasi, na ngoma zinaanza kupasuka.

Kama redio ina tundu la AUX, yaani la kuchomekea waya unaotoka kwenye simu, mimi huacha moduleta mfukoni. Waya hauna mpinzani angani. Plagi yake ya milimita 3.5 ina sehemu tatu: ncha hubeba sauti ya kushoto, pete ya katikati sauti ya kulia, na shina ni njia ya kurudi ya zote mbili. Hapa ndipo simu ifunguliwe karibu na mwisho na sauti ipunguzwe kwenye redio, kwa sababu simu ikinong'ona utalazimika kupandisha redio, nayo itapandisha pamoja na kila uchafu wa njiani.

Na uchafu upo. Chomeka simu kwenye AUX na papo hapo kwenye chaja ya laita, washa injini, utasikia mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Watu hudhani spika zimekufa. Kumbe ni alternata. Alternata huzalisha umeme wa kupanda na kushuka, kisha huunyoosha uwe wa kuchajia betri, lakini haunyooki kabisa. Hubaki mawimbi madogo ambayo huenda na kasi ya injini. Simu sasa ina njia mbili za kurudisha umeme kwenye bodi ya gari: moja kupitia chaja, nyingine kupitia shina la waya wa AUX. Njia hizo mbili zinafanya duara, sehemu ya umeme wa chaja inapita kwenye waya wa muziki, na redio inauimba. Chomoa chaja: mlio ukikoma, umepata mkosaji. Dawa yake ni kijisanduku chenye transfoma mbili ndogo, kinachowekwa katikati ya waya wa AUX. Muziki unavuka kwa nguvu za sumaku bila nyaya kugusana, na duara linakatika. Vipokezi vya Bluetooth vinavyochomekwa AUX na kula umeme wa laita huugua ugonjwa huo huo na hupona kwa dawa hiyo hiyo.

Bluetooth iliyozaliwa na redio yenyewe haina taabu hii. Inatumia masafa ya gigahezi 2.4, mbali kabisa na FM, na katika mfumo wake wa asili hurukaruka kati ya njia 79 mara 1,600 kwa sekunde, hata ukiwa katikati ya magari mia si rahisi mtu akukalie. Na kwa gari lenye mdomo wa kaseti, kuna kaseti ya bandia yenye waya: ndani yake hamna utepe bali kichwa cha sumaku kinachogusana na kichwa cha redio na kukihadaa kwamba utepe unapita. Bado naamini sauti yake huishinda moduleta.

Mjomba hatimaye alitafuta redio nyingine yenye AUX. Wiki ya kwanza akanipigia tena, safari hii sauti imejaa mashaka.

"Mpwa wangu, magitaa yapo, ngoma zipo. Mwimbaji hayupo."

Nilijua bila kuliona gari. Katika nyimbo nyingi, mwimbaji hurekodiwa katikati: sauti yake iko sawasawa kushoto na kulia, ilhali magitaa yamegawanywa, hili huku, lile kule. Shina la plagi lisipogusa vizuri, njia ya kurudi inapotea, na mkondo wa kushoto hulazimika kurudi kupitia wa kulia. Spika basi hutoa tofauti ya pande hizo mbili. Kilicho sawa pande zote kinajifuta, na kinachobaki ni vile vilivyotofautiana.

"Mjomba, sukuma plagi mpaka mwisho."

Nikasikia mlio mdogo wa kitu kikiingia mahali pake, kisha kwa mbali, kupitia simu, mwanamume akaanza kuimba.